Zecchino ya Manin, lire 96 za Genova au marengo ya Torino: kwa anayetaka sarafu moja tu ya dhahabu

Wapo wakusanyaji wa sarafu ambao hawana nia ya kujaza kabati. Wanataka kipande kimoja tu cha dhahabu, kilichotoka katika zama zinazowavutia, wakishike, wakisome, na siku moja wakirithishe. Kwa anayevutiwa na mwisho wa jamhuri za Italia, nia hiyo humfikisha upesi kwenye njia panda, kwa sababu kati ya Mei 1797 na Septemba 1802 zilitoweka jamhuri tatu za kaskazini mwa nchi hiyo, na kila moja iliacha dhahabu inayotambulikana. Venezia iliacha zecchino yenye jina la doge wake wa mwisho, yaani mkuu wa jamhuri aliyechaguliwa, Ludovico Manin. Genova iliacha sarafu kubwa ya lire 96 yenye tarehe za kuanzia 1792 hadi 1797. Piemonte, ambako jamhuri iliyoitwa Subalpina ilidumu kwa takriban miaka miwili tu, iliacha faranga 20 zilizopewa jina la utani la marengo. Hii ya tatu si ndugu wa damu wa zile mbili, kwa kuwa Venezia na Genova zilikuwa dola za karne nyingi ilhali Subalpina ilizaliwa na kufa mikononi mwa jeshi la Ufaransa. Lakini wauzaji huziweka zote katika ukurasa mmoja wa mnada, na ndiyo maana mnunuzi hukwama.

Vipimo vya kulinganishia

Nitazipima zote tatu kwa mambo yale yale. Kwanza ni kisa, yaani kile ambacho sarafu yenyewe inasema kwa picha na maandishi yake kabla mtu hajafungua kitabu. Pili ni dhahabu na umbo: uzito, usafi wa madini, kipenyo na unene. Tatu ni upatikanaji, yaani inajitokeza mara ngapi sokoni na mnunuzi analipa kiasi gani zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo. Nne ni hatari: kughushiwa, kutobolewa, kulehemiwa na kusuguliwa. Tano ni mtu ambaye sarafu hiyo inamfaa. Sitataja bei kwa fedha za leo, kwa kuwa bei ya dhahabu hubadilika hata kabla ya chai ya saa nne. Nitataja gramu za dhahabu, na msomaji atazidisha mwenyewe kwa bei ya siku yake ili ajue sakafu ambayo bei halali haiwezi kushuka chini yake.

Kuna jambo moja la lugha ambalo humchanganya mgeni wa minada ya Italia. Hali ya sarafu huandikwa kwa herufi MB, BB, SPL na FDC, kuanzia iliyochakaa kiasi hadi ile ambayo ni kama imetoka kiwandani leo, ilhali uadimu huandikwa kwa C, NC, R, R2 na kuendelea hadi R5, kuanzia ya kawaida hadi adimu kabisa. Hiyo ni mizani miwili tofauti. Sarafu inaweza kuwa adimu sana na imechakaa vibaya, au ya kawaida na inang'aa kama mpya, na muuzaji mjanja huipaza ile herufi inayompendeza na kuinong'ona nyingine.

Zecchino ya Ludovico Manin, Venezia

Kisa. Mnamo Oktoba 1284 Baraza Kuu la Venezia liliamua kutengeneza sarafu ya dhahabu, na vipande vya kwanza vilitoka mwaka uliofuata chini ya doge Giovanni Dandolo. Upande mmoja doge amepiga magoti akipokea bendera kutoka kwa Mtakatifu Marko. Upande wa pili Kristo amesimama ndani ya umbo la yai lililojaa nyota. Kumzunguka kuna sala ya Kilatini iliyofupishwa, inayomwomba Kristo aupokee utawala huu ambao yeye mwenyewe anauongoza. Neno lake la mwisho, ducatus, ndilo lililozaa jina dukati. Jina la baadaye, zecchino, linatokana na zecca, kiwanda cha sarafu, na zecca nalo ni neno la Kiarabu sikka, ile muhuri ya chuma inayogongewa sarafu. Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno lake sarafu pia limetoka Kiarabuni, hapaswi kujiona mgeni hapa.

Jambo la kushangaza ni kwamba picha hiyo haikubadilishwa kwa zaidi ya miaka mia tano. Mtindo wa herufi na wa nguo ulisogea kidogo, doge walipokezana, lakini mpango ulibaki ule ule hadi kwa Manin, aliyechaguliwa Machi 1789 na kuliona Baraza Kuu likijivunja lenyewe tarehe 12 Mei 1797. Sababu haikuwa uvivu wa wachongaji. Wafanyabiashara wa Misri, Shamu na India waliipokea zecchino kwa kuitambua kwa macho, na kubadili sura yake kungekuwa sawa na kuipunguzia imani. Pwani yetu iliona mantiki hiyo hiyo katika fedha ya Maria Theresa, ile riale iliyoendelea kugongwa na mwaka 1780 miongo mingi baada ya malkia huyo kufariki. Na kwa mzunguko wa ajabu wa historia, kiwanda cha Venezia, kikiwa chini ya Austria katika karne ya 19, kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyoigonga.

Udhaifu wa kisa hiki ni kwamba zecchino haina tarehe. Maandishi LVDO MANIN yanakuhakikishia kipindi cha miaka minane, basi. Huwezi kujua kama kipande chako kilitoka mwaka wa shangwe wa 1789 au katika majira ya mwisho, meli za biashara zikiwa bado bandarini na Napoleon Bonaparte, jenerali wa Ufaransa, akiwa tayari bara. Hata baada ya mkataba wa Campo Formio wa tarehe 17 Oktoba 1797 kuikabidhi Venezia kwa Austria, zecchino ziliendelea kugongwa kwa sura ile ile, ila jina la Manin lilipisha jina la Franz wa Pili, mtawala wa Austria. Jamhuri ilikufa, doge akavua kofia yake, na sarafu haikuonyesha hata alama moja ya msiba. Wapo wanaoliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa ndilo jambo linaloifanya istahili kushikwa mkononi.

Dhahabu na umbo. Uzito ni takriban gramu 3.49 na madini ni dhahabu inayokaribia usafi kamili kadiri mafundi wa zama hizo walivyoweza. Kipenyo ni kama milimita 21, na kwa uzito huo unene hauzidi sana nusu milimita. Ndiyo maana nyingi zimejikunja kidogo, na mara nyingi nakshi za upande mmoja hazikukaa sawa. Dhahabu iliyomo ni gramu tatu na nusu hivi.

Upatikanaji. Muuzaji akikuambia kwamba zecchino ya Manin ni adimu, mwombe akuonyeshe herufi ya uadimu. Zecchino kamili hujitokeza mara kwa mara katika minada ya Ulaya. Vipande vya nusu na robo huonekana kwa nadra zaidi, na vile vizito vya zecchino kadhaa kwa pamoja, vilivyogongwa kwa ajili ya heshima na zawadi, ni vya watu wenye mifuko ya aina nyingine kabisa.

Hatari. Umaarufu wake ndio adui wake. Zecchino iliigwa katika Mashariki ya Kati na India, na wanawake wengi waliivaa shingoni. Nakala hizo hujulikana kwa herufi zisizosomeka na watakatifu waliogeuka vijiti. Si lazima ziwe za ulaghai, kwa kuwa nyingi ni dhahabu halisi na zina wapenzi wake, lakini si sarafu za Venezia. Kagua ukingo kwa kioo cha kukuzia, hasa sehemu ya juu, utafute mabaki ya kulehemu au tundu lililozibwa. Kipimo kizuri zaidi kiko kwa sonara yeyote: pima sarafu hewani, kisha ndani ya maji, na ugawanye uzito wa hewani kwa uzito uliopungua majini. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji. Zecchino halali inapaswa kukaribia sana namba hiyo, na kipande kinachotoa 17 kina maswali ya kujibu.

Inamfaa nani. Inamfaa anayependa biashara ya baharini kuliko vita, anayeanza, na mwenye bajeti ndogo kuliko ya wenzake.

Lire 96 za Genova, 1792 hadi 1797

Kisa. Genova ilipewa haki ya kugonga sarafu na mfalme Conrad wa Tatu mwaka 1138, na kwa karne tano jina lake lilibaki kwenye fedha za mji. Mwaka 1637 jamhuri ilimtangaza rasmi Bikira Maria kuwa malkia wake, na yeye ndiye aliyechukua nafasi kwenye sarafu. Katika lire 96 ameketi juu ya mawingu akiwa na Mtoto, na maneno yanasema ET REGE EOS, yaani «na uwatawale», yaliyotoka katika utenzi wa kanisa uitwao Te Deum. Upande wa pili ni ngao ya msalaba yenye taji, iliyoshikwa na wanyama wawili wa kubuni wenye kichwa cha tai na mwili wa simba.

Tofauti yake na Venezia iko kwenye jina. Tangu mageuzi ya Andrea Doria mwaka 1528, doge wa Genova alichaguliwa kwa miaka miwili tu, na sarafu haimtaji kwa jina; inasema tu «doge na magavana wa Jamhuri ya Genova» kwa ujumla wao. Kwa hiyo doge wa mwisho, Giacomo Maria Brignole, hana sarafu yenye jina lake. Badala yake una kitu ambacho Venezia haikupi, nacho ni tarehe. Kipande cha 1797 kinabeba waziwazi mwaka ambao, mapema Juni, wajumbe wa Genova walikubali masharti ya Bonaparte huko Mombello, na tarehe 14 ya mwezi huo huo ikaanza Jamhuri ya Liguria.

Dhahabu na umbo. Hapa ndipo moyo wa mnunuzi hudunda. Uzito ni takriban gramu 25.2, kipenyo kama milimita 33, na usafi wa dhahabu unazidi asilimia 90, kwa hiyo ndani yake mna karibu gramu 23 za dhahabu, zaidi ya mara sita ya zecchino. Picha ya Maria ina nafasi ya kupumua, na mikunjo ya vazi lake inaonekana bila kioo. Katika mfululizo huo huo zipo sarafu ndogo za lire 48, 24 na 12, ambazo husahauliwa isivyo haki. Lire 48 hasa humpa mtu picha ile ile kwa nusu ya dhahabu.

Upatikanaji. Si sarafu ya kila wiki, wala si ya kungojea miaka kumi. Kwa kuwa dhahabu yenyewe ni nyingi, sehemu kubwa ya bei ya kipande kilichochakaa ni madini, na kile kinacholipwa kwa ajili ya historia hupanda ghafla kadiri hali inavyokaribia SPL. Miaka haina uadimu sawa, kwa hiyo anayetaka mwaka fulani asikubali kulipa bei ya mwaka mwingine.

Hatari. Ukubwa wake uliwavutia watengenezaji wa vidani na pete, hivyo alama za kulehemu kwenye ukingo ni za kutafutwa kwa bidii ile ile. Zaidi ya hapo, uwanda mpana unaonyesha kila msuguo: sarafu iliyosafishwa kwa kitambaa kikali huwa na mng'ao wa sahani ya bati na mistari myembamba inayokimbilia upande mmoja. Dhahabu ikiwa si safi kabisa, kipimo cha maji kitatoa 17 na kitu, lakini hakitamkamata mwigaji aliyetumia dhahabu ya kiwango hicho hicho. Hapo unahitaji kulinganisha nakshi na kipande kisicho na shaka.

Inamfaa nani. Inamfaa anayetaka tarehe juu ya sarafu, anayependa sanaa ya kidini, na anayetaka kuwa na dhahabu ya kutosha ili soko la wakusanyaji likilala asibaki na historia peke yake.

Hapa sina budi kumtaja binamu wa sarafu hii. Jamhuri ya Liguria, kati ya 1798 na kumezwa na Ufaransa mwaka 1805, iligonga lire 96 za uzito ule ule, lakini Maria hayupo. Ameketi mwanamke mwenye mkuki na ngao, ambaye ndiye Liguria. Upande wa pili kuna fito zilizofungwa pamoja na kofia ya uhuru, pamoja na maneno ya Kiitaliano NELL'UNIONE LA FORZA, yaani nguvu iko katika umoja. Malkia wa mbinguni ameondoka, ila mizani haikuguswa. Mwenye uwezo wa sarafu mbili anaweza kuziweka hizi bega kwa bega, nazo zitaeleza mapinduzi vizuri kuliko zikiwa mbalimbali.

Marengo ya Torino, mwaka wa 9 na wa 10

Kisa. Tarehe 14 Juni 1800 Bonaparte aliwashinda Waaustria kwenye uwanda wa Marengo, karibu na Alessandria. Kiwanda cha sarafu cha Torino, mji mkuu wa Piemonte, kikatoa faranga 20 zenye kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita, kazi ya mchongaji Amedeo Lavy, na maandishi L'ITALIE DELIVREE A MARENGO, «Italia iliyokombolewa Marengo». Maneno hayo ni ya Kifaransa, na Italia hiyo iliyokombolewa, kwa upande wa Piemonte, iliunganishwa rasmi na Ufaransa tarehe 11 Septemba 1802. Sijui sarafu nyingine ambayo maandishi yake yalikanushwa upesi namna hiyo na yule yule aliyesifiwa nayo.

Mwaka wake umeandikwa kwa kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka wa 9 unaanzia Septemba 1800 hadi Septemba 1801, na wa 10 ndio unaofuata.

Dhahabu na umbo. Gramu 6.45, usafi wa 900 kwa 1,000, kipenyo cha milimita 21. Ni upana wa zecchino lakini unene wake ni kama mara mbili, na mkononi inahisi kama sarafu ya kisasa, kwa sababu ni ya kisasa kweli: kiwango hicho kilithibitishwa na sheria ya faranga ya Ufaransa ya mwaka 1803, na mwaka 1865 Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi na Italia zikakikubali kwa pamoja. Dhahabu iliyomo ni gramu 5.8.

Upatikanaji. Kati ya hizi tatu, hii ndiyo inayostahili neno adimu bila kuongezewa chumvi, na ya mwaka wa 10 hupatikana kwa shida kuliko ya mwaka wa 9. Bei yake hukaa mbali sana juu ya dhahabu. Jihadhari na jina: Waitaliano huita marengo sarafu yoyote ya dhahabu ya faranga au lire 20 ya kiwango hicho, hata za mfalme Vittorio Emanuele wa Pili zilizogongwa kwa wingi miongo mingi baadaye. Ukiuliza «marengo» dukani utaletewa hizo, na muuzaji hatakuwa amekudanganya.

Hatari. Pengo kubwa kati ya thamani ya dhahabu na bei ndilo chakula cha waghushi. Gramu 5.8 za dhahabu halali hazimfilisi mtu anayetarajia bei ya sarafu adimu, hivyo kipimo cha maji hakitoshi hata kidogo. Nunua iliyopita mikononi mwa nyumba ya mnada inayorudisha fedha ikithibitika kuwa bandia, pamoja na kumbukumbu za mauzo yaliyotangulia.

Inamfaa nani. Inamfaa msomaji wa historia ya Napoleon, na mkusanyaji aliyekwisha kujifunza kwa kukosea kwenye sarafu za bei nafuu.

Sheria, kabla ya kulipa

Sheria ya urithi wa utamaduni ya Italia, iliyokusanywa katika amri ya kisheria namba 42 ya mwaka 2004, inazitaja sarafu miongoni mwa vitu inavyoweza kuvilinda. Kwa hiyo anayenunua ndani ya Italia na kuondoka nayo aulize kwanza ni karatasi gani za kuitoa nchini, na nani atakayezishughulikia. Kwa Waswahili waishio nchi za Umoja wa Ulaya kuna jambo la kodi pia: ili sarafu ihesabiwe kuwa dhahabu ya uwekezaji isiyotozwa kodi ya ongezeko la thamani, miongoni mwa masharti ni kwamba iwe imetengenezwa baada ya mwaka 1800 na bei yake isizidi thamani ya dhahabu iliyomo kwa zaidi ya asilimia 80. Zecchino na lire 96 za 1792 hadi 1797 zinakwama kwenye sharti la kwanza, na marengo hii, kwa uadimu wake, kwa kawaida hukwama kwenye la pili.

Kulingana na hali yako

Kama hii ni sarafu yako ya kwanza ya dhahabu ya kale, na unataka kujifunza bila kuumia, zecchino ya hali ya BB, iliyo nyoofu na isiyolehemiwa, itakufundisha mengi zaidi kuliko bei yake. Kama unanunua kwa ajili ya mtoto au mjukuu, ambaye huenda asipende sarafu kabisa, lire 96 zina sababu ya pekee: hata akiipeleka kwa sonara asiyejua Genova ni nini, atapata gramu 23 za dhahabu. Kama bajeti haifiki hapo lakini moyo uko Genova, lire 48 za tarehe nzuri ni bora kuliko lire 96 zilizosuguliwa.

Kama unachotafuta ni uadimu wenyewe, na una mtu wa kukuhakikishia, angalia marengo, na usiharakishe. Subiri mnada wenye picha kubwa za pande zote mbili na za ukingo. Na kama huwezi kuishika sarafu kabla ya kulipa, kwa kuwa uko Mombasa au Muscat na muuzaji yuko Milano, ipe kipaumbele ile ambayo kosa lake unaweza kulibaini wewe mwenyewe ndani ya siku za kurudisha mzigo. Kwa mizani ya sonara na bilauri ya maji, hiyo ni zecchino.